Yeni kushuka hakukupunguzii ushuru: soma hapa kabla hujatuma hela Japani

Mkuu, usitume hiyo hela. Umesema unaweka kiwanja dhamana benki, uagize Toyota IST tatu kwa mpigo kwa sababu "yeni imekufa na huu ndio wakati". Halafu umeuliza modeli gani inatoka haraka, kampuni gani ya kuagizia, uyauze au uyaingize kwenye taksi za mtandaoni, usubiri dola ishuke, na wakala gani wa forodha ni mwaminifu. Mimi nimekwama kwenye hiyo sentensi ya yeni. Ndiyo iliyonifilisi 2024, na aliyeniimbia aliiimba neno kwa neno kama ulivyoiandika.

Kwamba yeni ilianguka ni kweli. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama yeni 115, na Julai 2024 ikavuka 160, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1986. Marekani walipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 ndani ya mwaka mmoja na nusu ili kuzima mfumuko wa bei, na Japani wakabaki na riba ya chini ya sifuri mpaka Machi 2024. Mwenye pesa akauza yeni, akakimbilia dola yenye riba. Lakini hebu fikiri: riba hiyohiyo iliyoangusha yeni ndiyo iliyochangia dola kuadimika hapa kwetu 2023 na 2024, tukawa tunapanga foleni benki kuomba dola elfu chache na kuambiwa turudi wiki ijayo. Punguzo la Japani na dhiki ya dola Dar ni mapacha. Dalali anakuonyesha pacha mmoja tu.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe.

Aliyenishawishi ana chaneli ya video, anasimama mbele ya magari yanayong'aa, anaongea kwa kujiamini. Nilimuuliza waziwazi kuhusu ushuru. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Ushuru unafuata invoisi. Gari likiwa la bei ndogo, ushuru mdogo." Nikaamini, nikachukua mkopo saccos, nikalipia magari mawili. Kauli ile ni uongo, na anajua ni uongo, kwa sababu kazi hiyo anaifanya kila siku. Yeye kamisheni yake inaingia unapolipa Japani. Gari likishapanda meli, simu zako hazipokei tena.

Ukweli ni huu. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika. Kila modeli, mwaka na ukubwa wa injini (cc) una thamani yake mle ndani, kwa dola. Wewe ukinunua chini ya thamani hiyo kwa sababu yeni imeshuka, au kwa sababu umebahatika kwenye mnada wa magari kule Japani, hesabu ya ushuru haishuki na wewe. Inabaki palepale.

Chukua kalamu tukokotoe gari moja dogo, cc 1500, lililopita miaka 10, na tuseme mfumo unalithamini dola 3,000. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni 750, umefika 3,750. Juu ya hiyo 3,750 unawekewa ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa sababu ya cc, yaani 187.5, na asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uzee wa gari, yaani 1,125. Sasa umefika 5,062.5, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya mlima huo wote, si juu ya 3,000 yako: 911. Jumlisha kodi peke yake inakaribia dola 2,974. Bado tozo ndogondogo, bado usajili, bado bandari, bado wakala. Gari la dola 3,000 linakudai karibu dola 3,000 nyingine kabla hujaliona barabarani. Mimi nilijiandaa kwa kama nusu ya hiyo, tena kwa magari mawili.

Na kodi hiyo unalipa kwa shilingi, kwa kiwango cha siku TRA wanapokukadiria kodi, si cha siku uliyoagiza. Januari 2024 dola ilikuwa kwenye 2,500, Oktoba imefika 2,700 na ushee. Kwa gari la mfano wetu hiyo tofauti ni karibu laki 6, kwa gari moja, bila wewe kufanya kosa lolote. Halafu Desemba ikarudi kwenye 2,400, wakati mimi nimeshalipa. Ndiyo maana swali lako la kusubiri dola ishuke silijibu, na anayekujibu kwa uhakika mkimbie.

Karatasi ya makadirio niliisomea kwenye benchi nje ya ofisi ya wakala, jua la saa saba, nikadhani wameniunganishia kodi ya mtu mwingine. Nikaenda kubishana. Yule binti wa pale akaifungua kompyuta, akaandika modeli, mwaka, cc, namba zikatoka zilezile. Akaniambia, "Kaka, hiki kikokotoo kiko kwenye tovuti, kila mtu anaweza kukifungua." Bure kabisa, hata kwa simu. Wakati nahangaika kutafuta hela ya kujazia, magari yalikuwa bandari kavu yakila gharama za kuhifadhiwa kila siku inayopita. Moja nililiuza kwa hasara likiwa bado mlemle ili nikomboe la pili. Riba ya saccos haikunisubiri hata kidogo.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Watu wanadhani Japani kuna magari mengi ya bure kwa sababu wazee wanazidi na watu wanapungua. Ni kweli idadi yao inashuka tangu kama 2008, na 2024 walizaliwa watoto chini ya laki 7 nchi nzima. Wazee wanarudisha leseni, ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili ni ghali, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi inapanda, kwa hiyo wanayatoa. Lakini mnadani hauko peke yako. Agosti 2023 Japani ilizuia magari ya zaidi ya cc 1900 kwenda Urusi, na Warusi wakang'ang'ania madogo, hayahaya ya kwako. Yeni ikishuka, wanunuzi wa dunia nzima wanaiona siku moja na wewe, na bei ya mnada inapanda kufidia.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua modeli, kabla ya kumpigia dalali, kabla ya kupeleka hati ya kiwanja popote: fungua kikokotoo cha TRA, jaza modeli, mwaka na cc, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya shilingi kuyumba, na hiyo hela ya ushuru iwe mkononi siku unayolipa Japani. Kama huna, hujafikia kuagiza. Usiniambie utaipata gari likiwa njiani. Mkopo wa benki wa asilimia 15 hivi hauna subira ya meli, na bei ya kuuzia ni ya shilingi. Tangu Machi 2025 hata kutangaza bei ya ndani kwa dola ni kosa kisheria.

Angalia na umri. Gari la miaka 8 hadi 10 linatozwa uzee asilimia 15 badala ya 30, ila thamani yake kwenye mfumo iko juu, kwa hiyo kokotoa yote mawili usikisie. IST za toleo la kwanza zilikoma 2007, zote ni za asilimia 30. Watakaokuja hapa kusema "mbona mimi nililipa kidogo" waweke mwaka na cc, tujumlishe pamoja.

Hiyo ya taksi sina uzoefu nayo. Wewe weka hapa chini modeli, mwaka na cc ya yale matatu uliyochagua, nitakukokotolea jioni hii, na hati ya kiwanja iache kabatini mpaka tumalize hesabu.