Mwulize kama amekula

Wewe unayejiandaa kwenda kusoma China, ushauri wangu wa kwanza hauhusu viza wala makoti ya baridi. Unahusu namna ya kukaa na mtu mwenye huzuni.

Nilisoma Changsha, mkoa wa Hunan. Maabara tulikuwa na mwenzetu aliyetutangulia, tukimwita shijie, yaani dada wa masomo. Alifiwa na baba yake. Aliporudi kutoka mazishini alisema kifua kinambana, usingizi hauji. Nikamwuliza anajisikiaje. "Meishi," akajibu, si kitu. Nikamng'ang'ania: lia dada, toa ya moyoni. Kesho yake akahamia meza nyingine. Linaniuma mpaka leo.

Nilidhani anaficha, kumbe alikwisha kuniambia. Katika tiba ya jadi ya Kichina kila hisia ina kiungo chake: hasira ini, hofu figo, huzuni mapafu. Anayesema kifua kinambana anaitaja huzuni mahali ilipo. Katika mji huohuo, mwaka 1980, daktari wa akili Mmarekani Arthur Kleinman aliwachunguza wagonjwa 100 walioambiwa wana shenjing shuairuo, udhaifu wa neva. Walikuja na maumivu ya kichwa, uchovu, kukosa usingizi. Aliwakuta 87 wana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito.

Na sisi tushangae nini? Mswahili aliyefiwa akiulizwa habari za nyumbani hujibu "nzuri" kwanza, ndipo aongeze, "ila mzee ametutoka."

Rafiki mmoja wa shijie alijua la kufanya. Kila jioni alimletea uji wa mchele na matunda yaliyokwisha kumenywa, akaketi. Swali lake lilikuwa moja tu: "Umekula?" Wiki ya tatu shijie akaanza mwenyewe kumsimulia habari za baba.

Basi usimhoji mtu mbele ya wenzake, utamwaibisha. Mwulize usingizi, mwulize chakula. (Vijana wengine wa mijini sasa huitaja sonona waziwazi, hao wafuate wanavyosema.) Jifunze pia maneno yanayobeba xin, moyo. Kaixin, moyo kufunguka, ni furaha. Shangxin, moyo kujeruhiwa, ni huzuni. Xinteng ni moyo kukuuma kwa ajili ya mtu unayemjali.

Hilo la mwisho shijie alinitamkia mwaka uliofuata, nilipopigiwa simu ya msiba kutoka Tanga. Hakunikumbatia. Alinisogezea bakuli la tambi, akangoja nimalize.