Kesi ya zamani kwenye fomu ya kazi ya PSC (Tume ya Utumishi wa Umma, Kenya): ajaze au aache?

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako aandike "hapana" kwa sababu kesi yake ya kupigana sokoni iliisha kwa probesheni tu, yaani kuwekwa chini ya uangalizi bila jela. Asithubutu. Soma swali la fomu hiyo, PSC 2, polepole: linauliza kama umewahi kupatikana na hatia au kuwekwa chini ya amri ya probesheni. Imetajwa waziwazi. Angekuwa ameshtakiwa kisha korti ikamwachilia huru, hapo "hapana" ingekuwa kweli tupu.

Wengi huruka maandishi madogo chini yake: hatia peke yake si lazima imnyime mtu kazi, kila kesi huangaliwa kivyake. Kinachomaliza watu ni uongo. Binamu yangu alificha kesi ya pombe ya chang'aa. Alama za vidole zilipochukuliwa kwa ajili ya cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai), rekodi ikatoka, kazi ikapeperuka. Na faini yenyewe ilikuwa elfu tano, jamani!

Aandike kosa, mwaka na muda wa amri, bila hadithi ndefu. Nakala ya uamuzi aiombe kwenye rejista ya korti mapema, maana pale huzungushwa.