Ukipewa kazi ya kuandika maelezo ya skripti inayofuta ofa

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye timu za app, kuna siku utaambiwa "hebu tuandikie dokyumenti ya hii skripti ya kufuta ofa" na utaiona kazi ndogo tu, kurasa mbili imeisha. Mi nilipewa kazi hiyo nikiwa na miezi mitatu kazini, nikaimaliza asubuhi moja, na wiki mbili baadaye dada mmoja wa masoko akaifuata neno kwa neno akafuta ofa zetu zote za Sabasaba. Hakukosea popote, alifanya kilichoandikwa.

Ilikuwa hivi. App yetu ipo Google Play, inauza masomo kama bidhaa za kununua mara moja, na kila bidhaa ina ofa zake za punguzo. Zikishakuwa nyingi unaita batchDelete, amri ya kufuta nyingi kwa mkupuo, kwenye API ya Google Play (njia ya programu kuongea na Google Play), unaipa orodha ya ofa, mwisho 100 kwa ombi moja na ofa moja isitajwe mara mbili. Skripti yetu ilikuwa inakusanya ofa, inazigawa mia mia, inatuma, basi. Mi nikaandika "inafuta ofa zote zisizotumika", na hilo neno zisizotumika ndo lilituponza, maana ofa inaweza kuwa rasimu, inaweza kuwa hai, inaweza kuwa imezimwa, na iliyozimwa unaiwasha tena ukitaka. Zile za Sabasaba zilikuwa zimezimwa zikisubiri Julai. Skripti iliona takataka, kumbe masoko wameweka akiba.

Na ofa ikishafutwa hakuna amri ya kuirudisha. Tulikaa siku nzima tunaziandika upya nchi kwa nchi, Tanzania, Kenya, Uganda, Oman, kila nchi na punguzo lake, tukisoma namba kwenye picha za skrini za zamani ambazo mtu alizituma WhatsApp, zingine zimekatwa pembeni huoni asilimia.

Kwa hiyo ukiandika dokyumenti ya kitu kinachofuta, mstari wa kwanza kabisa, kabla hata ya kusema inawekwaje kwenye kompyuta, sema nini kinapotea na kwamba hakirudi. Wa pili sema kwanza vuta orodha ya ofa zote na bei zake uhifadhi kwenye faili lenye tarehe. Usiiweke bakapu chini kwenye "vidokezo", watu hawafiki huko, mtu ana tiketi kumi za kazi anataka amri aikopi aondoke. Na kwa sababu anakopi, mfano wako utumie jina la app ambayo haipo na ofa ambayo haipo, ili akisahau kubadilisha igome. Mi mfano wangu ulikuwa na jina la app yetu yenyewe, iliyo hewani, na hilo linaniuma mpaka leo.

Halafu kuna kile kistari. Kwenye anwani unayoitumia kuita API unataja bidhaa na chaguo la ununuzi (namna bidhaa inavyonunuliwa), ila kama ofa unazofuta ni za bidhaa tofauti tofauti unaweka "-" pale pa productId, yaani kitambulisho cha bidhaa. Mgeni akiona kistari anadhani maana yake ni futa kila kitu, mwingine anaogopa hagusi kabisa. Ukweli ni kwamba kistari kinasema tu ombi hili lina bidhaa zaidi ya moja, kinachofutwa ni kile ulichokitaja kwenye orodha. Ila unapovuta orodha ya ofa, kistari hicho hicho kinakuletea za bidhaa zote, na skripti ikichukua majibu hayo yote ikayapeleka moja kwa moja kufutwa, umemaliza duka. Andika hivyo kabisa, kwa sentensi zako, usikopi ile jedwali ya vigezo iliyo kwenye maelezo ya Google.

Kingine, jibu la kufanikiwa linakuja tupu, mabano mawili hayana kitu ndani. Mtu asipoambiwa anadhani haijafanya kazi anarudia. Na akifungua app kwenye simu anaweza kuikuta ofa bado ipo, maana kwa kawaida mabadiliko yanachukua dakika kadhaa kufika kwa wateja, mara chache masaa kadhaa, na ukichagua kwenye ombi lako ile hali ya kuvumilia ucheleweshaji ni mpaka masaa 24. Hiyo ya kawaida ina kikomo cha mabadiliko 7,200 kwa saa kwa app moja, kwa hiyo usafi mkubwa unafanywa na ile ya kuvumilia, na ukishaichagua waambie watu wa huduma kwa wateja mapema kabla simu hazijaanza kuita.

Ukimaliza kuandika usimpe developa mwenzako akusomee, yeye anaruka mistari kwa sababu anajua. Mi toleo la pili nilikaa na yule yule dada wa masoko, akasoma kwa sauti, mi nimenyamaza. Alipofika kwenye "ofa zilizozimwa" akasimama akaniuliza, "sasa hizi nilizoziweka kwa ajili ya Desemba zipo humu au hazipo?" Zilikuwemo. Swali lake nimeliandika juu kabisa kwenye dokyumenti kama alivyolisema, na skripti sasa inaorodhesha kila iliyozimwa na kusubiri uandike ndiyo kwa mkono wako kabla haijatuma chochote.