Jibu: Roboti inajizima mota zikianza

Habari mkuu. Umesema Arduino Uno, bodi inayoiongoza roboti yako, inawaka vizuri, ila ukiziamuru mota mbili zizunguke inajiwasha upya, na betri ni ile ya kiboksi ya volti 9. Programu uliyoiandika iache kwanza. Betri hiyo haiwezi mzigo huo: mota ikianza huvuta umeme mwingi ghafla, volti zinaporomoka.

Weka mita ya kupimia volti kwenye pini za Uno za 5V na GND (upande wa hasi), washa mota. Mita za bei nafuu huchelewa kusoma, kwa hiyo tazama pia taa ya ON. Ikififia, jibu ndilo hilo.

Kwa kuwa uko Mbeya, ulizia kwa mafundi wa Mwanjelwa seli mbili za 18650 (betri za lithiamu za kuchaji), hata za laptopu iliyokufa. Iliyo chini ya volti 2.5 usiichukue, ni hatari kuichaji. Zifunge mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, upate volti 7.4. L298N, ile bodi ya kuendeshea mota, yenyewe hula karibu volti 2. Kinachobaki kinazitosha mota za njano. Kapasita ya mikrofaradi 470, volti 16, iweke penye umeme unaoingia L298N, mguu wenye mstari uende GND. Na GND zote ziungane, ya Uno pia! Wengi huisahau hiyo.

Ikigoma bado, weka hapa picha ya nyaya.