Mnyauko wa migomba Kagera: usikimbilie kung'oa shamba zima

Mkuu aliyeuliza kutoka Muleba anasema ndizi zake zinaiva zikiwa bado changa, majani ya migomba michache yamelegea na kugeuka njano, na majirani wamemshauri ang'oe shamba lote. Duka la pembejeo nalo limemuuzia dawa ya kupulizia. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu ushauri wote aliopewa utamgharimu, na muda wa kuokoa shamba bado upo.

Kwanza hakikisha ugonjwa. Chagua mgomba ulioanza kunyauka, ukate shina mshazari, kisha subiri dakika 5 hadi 15. Ukiona ute mzito wa njano unachuruzika kwenye jeraha, huo ni mnyauko wa bakteria, ambao wengi hapa Kagera tunauita unyanjano. Pasua na ndizi moja: ndani utakuta madoa ya kahawia yaliyokauka, na kwenye mkungu mmoja vidole vingine ni vya njano, vingine bado kijani. Usichanganye na mnyauko wa fuzari, ambao ni kuvu. Fuzari huanza njano kwenye majani ya zamani ya chini, shina hupasuka karibu na ardhi, na ukikata unaona nyuzi za kahawia au nyekundu bila ute wowote, wala nyama ya ndizi haiharibiki ndani. Kisubi, aina ya ndizi, hushikwa sana na fuzari. Migomba yetu ya matoke kwa kawaida inaihimili. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu kuvu ya fuzari hukaa udongoni miaka mingi sana, ilhali bakteria huyu hudumu miezi michache tu akikosa mgomba wa kuishi ndani yake.

Kuhusu dawa: irudishe kama wanaipokea. Bakteria anaishi ndani ya mirija ya maji ya mgomba, na dawa ya kupulizia inaishia kwenye ngozi ya jani. Majivu, pilipili na mkojo wa ng'ombe navyo havimfikii. Aina ya ndizi ya kula isiyoshikwa kabisa na ugonjwa huu bado haijafika mikononi mwa wakulima.

Sasa tazama dalili zilianzia wapi, maana hapo ndipo utajua mlango alioingilia. Kama ua dume (lile fundo la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu) ndilo lililosinyaa na kuwa jeusi kwanza, walioleta ugonjwa ni wadudu: nyuki na nzi wanaofuata asali kwenye makovu mabichi ya ua, wakitoka kwenye mgomba mgonjwa. Kama migomba ambayo haijazaa ndiyo inayonyauka kuanzia majani, wa kulaumiwa ni panga, au miche uliyopanda. Shamba likiwa na dalili zote mbili, ziba milango yote miwili.

Ua dume livunje mara tu chane la mwisho linapojitokeza. Tumia mti mrefu wenye panda: ingiza kikonyo cha ua kwenye panda, zungusha mpaka kivunjike. Usitumie kisu wala panga, hata kama ni rahisi zaidi, kwa sababu utakuwa unafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Anayesubiri mpaka mkungu ukomae amechelewa, wadudu wameshapita.

Panga ndilo linalomaliza mashamba. Ukipogolea majani ya mgomba mgonjwa ambao bado hauna dalili, kisha ukaenda kwenye mzima, umempandikiza bakteria moja kwa moja. Njia ya uhakika ni moto: pasha bapa lote mpaka lisishikike kwa mkono. Beba mapanga mawili, moja likiwa motoni wakati jingine linafanya kazi. Kama unatumia jiki ya dukani, changanya kikombe 1 na vikombe 5 vya maji, lakini osha utomvu na udongo kwanza; uchafu hula nguvu ya jiki, na hapo ndipo wengi wanakwama halafu wanasema haifanyi kazi. Tengeneza mpya kila siku. Fanya hivi kutoka shina moja hadi jingine, si unapomaliza shamba.

Wanunuzi wa mikungu na watengeneza rubisi (pombe ya ndizi) wanaokuja na mapanga yao wasikate chochote. Kata wewe, uwakabidhi barabarani.

Turudi kwenye swali la kung'oa. Bakteria akiingia kwenye mgomba mmoja, si lazima awafikie watoto wote wa shina lile. Anashuka taratibu, na machipukizi mengi hubaki salama. Kwa hiyo, wagonjwa wakiwa wachache, ondoa mgomba unaoonyesha dalili peke yake: ukate usawa wa ardhi, usichimbe tunguu (kile kisiki cha chini ya ardhi), usiguse jirani zake, kisha choma panga. Pita shamba zima kila wiki na urudie. Dalili zitaendelea kujitokeza kwa miezi kadhaa kwa sababu wengine walishaambukizwa kimyakimya. Wengi huacha hapa wakidhani wameshindwa, wakati idadi inakuwa imeanza kupungua. Katika kipindi hicho pumzisha upogoleaji wa majani na upunguzaji wa machipukizi. Mbuzi na ng'ombe nao wasiingie, maana wanatafuna mgomba mgonjwa na kwenda kwenye mzima.

Mashina uliyokata yarundike pembeni yaoze hapohapo. Kuyachoma moto ni kujitesa, yana maji mengi. Usiyatupe mtoni wala kuyapeleka zizini.

Kung'oa kila kitu kunafaa pale ambapo sehemu kubwa ya shamba imeshaanguka na hakuna mavuno ya kulinda. Hapo ng'oa na tunguu zake, panda mahindi au maharage kwa angalau miezi 6, na ung'oe kila chipukizi la mgomba linalorudi, kwa sababu ndilo linalomhifadhi bakteria. Ukirudisha migomba, usichukue machipukizi kwa jirani kwa kuwa tu yanaonekana mazuri. Mche unaweza kuwa na bakteria bila dalili yoyote. Ulizia miche ya chupa (inayokuzwa maabara) kwa afisa ugani au TARI Maruku, kituo cha utafiti wa kilimo.

Ndizi zilizoshikwa hazimdhuru mtu, bakteria huyu ni wa mimea. Ila zisibebwe kwenda kijiji kingine, na ua dume lisifungwe pamoja na mkungu kwenye baiskeli.