Maswali ya wasomaji: jante kubwa, resori fupi na mashimo ya Lubumbashi

Walioniandikia "Papa, nishauri jante (rimu) gani" bila kutaja motoka yenyewe, nimewaacha. Aina, mwaka, na namba zilizo ubavuni mwa mpira: bila hayo matatu mimi si mganga. Jina lililo kwenye mabano ni la mtaa wa Lubumbashi anakotoka muulizaji.

*Toyota 86 yangu ina jante za inchi 17. Nikiweka 19 zitaingia? (Golf)*

Kuingia zitaingia. Mpira uliotoka nao kiwandani ni 215/45R17: upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, jante inchi 17. Yaani ubavu wa milimita 97 hivi kati ya jante na lami. Ukivaa 215/35R19, kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu kilekile, ila ubavu unabaki 75. Hizo 22 ulizotupa ndizo zilizokuwa zinakuokoa kwenye mashimo ya Barabara ya Kasenga. Tena jante ya 19 kwa kawaida ni nzito zaidi, na injini ya lita 2 haina nguvu za kuchezea. Roho ikikusumbua sana, ishia 18 na 215/40. Mimi ningeshuka: Japani 86 ya daraja la G iliuzwa na 16, mpira 205/55, ubavu wa milimita 113. Niliwahi kupasua jante ya 18 njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mwezi wa kwanza, kwenye shimo lililojaa maji ambalo nilidhani ni dimbwi tu. Jante mbili nyingine zilipinda siku hiyohiyo. Mke wangu bado ananikumbusha.

*Nimepata jante za 5x114.3, motoka yangu ni 5x100. (Katuba)*

Hapana. Bolti ni tano kote, ila zako zimepangwa kwenye duara la milimita 100, za jante hizo kwenye 114.3. Na anayejitolea kukutobolea matundu mapya, mkimbie.

*Fundi anataka kukata koili moja ya resori (springi), dola kidogo tu. Nikubali? (Kenya)*

Kila mwezi swali hili! Resori iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi na fupi zaidi. Siku gurudumu likining'inia, kwa jeki au ukiruka tuta, inalegea na kutoka kwenye kiti chake. Amotisere (shokabsoba) nayo imetengenezwa kwa kimo cha zamani. Sasa inaishi karibu na mwisho wa safari yake, na kila shimo linagonga bodi.

Lakini hilo vijana hawalijali, basi niwaambie la mbio zenyewe. Kwenye motoka yenye MacPherson mbele (resori na amotisere zimeshikana kama mguu mmoja), mkono wa chini unaounganisha bodi na gurudumu ukishushwa mno unaanza kupanda kuelekea gurudumuni. Hapo kitovu ambacho bodi inaegamia kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe, na motoka inataka kulala zaidi kwenye kona kuliko mwanzo. Umelipa ili uendeshe vibaya. Sentimita mbili, tatu zikizidi, kwa resori na amotisere zilizotengenezwa pamoja, kisha paralelizimu (kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo, la sivyo mipira italika upande wa ndani kabla hujamaliza deni. Anayeshusha kwa ajili ya picha za harusi aseme tu ni picha, hatutamcheka.

*Mwanangu amefunga jante pana, sasa zinakwaruza bodi akikata kona. Anataka kupiga bodi nyundo. (Kampemba)*

Mama, mnyang'anye nyundo. Asome namba ya ET iliyochongwa kwenye jante: ni milimita kati ya katikati ya upana wa jante na pale inapofungwa. ET ikipungua, jante inasogea nje: ya asili ikiwa 48 na yake 35, imetoka milimita 13 kabla hata hujahesabu upana. Kosa liko kwa aliyemuuzia, bodi haina hatia.

*Mipira ya okazyo (iliyokwisha tumika) kutoka Ulaya ni mizuri? (Ruashi)*

Ubavuni mwa mpira, tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: ni tarehe ya kutengenezwa. 2315 ni wiki ya 23, mwaka 2015. Mimi ikipita miaka sita siifungi, hata iwe na meno kama mamba. Wengi mnanunua jante za dola mia nane na kuzivalisha mipira iliyozeeka stoo.

*Tangu nishushe nyuma, watu wananiwashia taa usiku. Volani (usukani) yangu iko kulia. (Bel-Air)*

Ukishusha nyuma peke yake, pua inainuka na taa zinapanda. Juu ya hapo, taa za Japani zimepangwa kumulika zaidi kushoto, ambako kwao ni ukingo wa barabara. Sisi tunaendesha kulia: kushoto kwako ni macho ya shofa wa lori la shaba anayetoka Likasi, amechoka, na tani thelathini nyuma yake. Kabla ya jante, nenda karekebishe taa.