Unangoja Utakate Ndipo Uende Kisimani?

Kwa miezi minane nilikuwa natoka kanisani kabla ya Meza ya Bwana. Ibada ikikaribia hapo namnyanyua mwanangu mdogo, natoka naye kana kwamba analia, nakaa chini ya mwembe mpaka nisikie wimbo wa mwisho. Mtoto wala hakuwa analia.

Nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Tulichanga fedha za vitambaa vya sare, na katika hizo nikatumia shilingi 140,000 kwa shida za nyumbani. Wenzangu nikawaambia bei imepanda dukani. Wakaniamini, wakachanga tena. Huko kuchanga tena ndiko kulikoninyima usingizi.

Sikuwa nimeacha kuamini. Niliona tu kwamba ni kukosa adabu kumkaribia Mungu aliye mtakatifu nikiwa katika hali ile, kwa hiyo nikajipa kazi ya kujitakasa kwanza. Nilichukua daftari la hesabu la mwanangu, nikachora mistari, na kila siku niliyoimaliza bila uongo na bila hasira nikaiwekea alama ya vema. Zikitimia siku 40, nitarudi mezani. Sikuwahi kuvuka siku ya tisa. Na muda wote huo deni la kwaya lilikuwa palepale, sijaligusa! Ndugu yangu, hapa usome polepole: mtu anayejisafisha mbali na Mungu husugua panapofikika, na panaponuka hupaacha.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Kagera. Ni mtu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka Uganda ukafika na kwetu, ukawazoeza watu kuitaja dhambi kwa jina lake. Nilikwenda kumsalimia. Usiku wa kwanza nilikwepa kuombea chakula, naye aliona, akanyamaza. Kesho yake tulipokuwa tunamenya ndizi, vidole vyetu vimeshika utomvu mweusi, ndipo akaniuliza. Nikamjibu, "Bibi, siko vizuri na Mungu. Ngoja kwanza nijiweke sawa."

Hakuinua macho kwenye kisu. "Mjukuu wangu, unangoja utakate ndipo uende kisimani?"

Kisha akaniambia nikasome Waebrania sura ya 10. Nilikuwa naijua tangu kipaimara, lakini siku hiyo nilianza kwa kurudi nyuma hadi Walawi 16. Kule aliyeingia nyuma ya pazia la patakatifu, penye uwepo wa Mungu, alikuwa kuhani mkuu peke yake, mara moja tu kwa mwaka, tena kwa damu. Wengine wote walibaki nje. Yesu alipokata roho, Mathayo anaandika kwamba pazia lile lilipasuka vipande viwili toka juu hata chini. Toka juu! Hakuna mtu aliyelichana kwa siku zake 40 za vema. Basi mwandishi wa Waebrania anasema tuna ujasiri wa kupaingia patakatifu kwa damu ya Yesu, na sura inayofuata inataja kinachotakiwa kwa anayekwenda: aamini kwamba Mungu yuko, na kwamba huwapa thawabu wale wamtafutao.

Ndiyo maana nasikitika nikiona watu wanauziwa chupa za mafuta na maji ili wasogezwe karibu na Mungu. Njia imekwisha kufunguliwa, na haina nauli.

Usiku ule niliomba sentensi mbili. Nilisema nimeiba, nikataja kiasi, nikaomba damu ya Yesu inisafishe. Sikusikia joto wala kutetemeka, na nakusihi usiipime imani yako kwa hayo. Wala usiombe kwa kusema "kama nimekosea". Taja.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba nilipokaribia, lile deni ndilo la kwanza kuonekana. Waebrania 12:14 inatuagiza tuutafute utakatifu kwa bidii, na mimi nilikuwa na bidii nyingi tangu mwanzo, ila niliiweka kabla ya mlango. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mwenyekiti wa kwaya nikamweleza yote, nikalipa kwa mafungu matatu. Uhazina niliuachia. Wewe ukiwa na jambo kama hili, mwendee uliyemkosea pamoja na mtu mmoja mzima wa imani. Si lazima usharika mzima usikie. Na anayekwambia neema imefunika hivyo fedha za watu usirudishe, usimsikilize.

Jumapili niliyorudi, mwanangu alikuwa kwa shangazi yake. Tulipokwenda kupiga magoti madhabahuni, mwenyekiti alikuwa amekwisha kushika nafasi ya mwisho. Akageuka akaniona, akawagusa waliokuwa pembeni yake wasogee, nikapata pa kupiga magoti.